Bisaya kwa Nani: Kutoka Shajara ya Doha

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Wali leo umechelewa kwa sababu ya siasa. Tangu jana simu za wauguzi wenzangu watatu ninaoishi nao hazijatulia: kwao Ufilipino sheria namba 12027 imepita, na shule hazitalazimika tena kuwafundisha watoto kwa lugha mama kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Kifilipino na Kiingereza vinarudi kushika usukani, lugha za mikoani zibaki za kusaidia. Manang, ambaye ndiye mkubwa wetu hapa nyumbani, ana binti darasa la pili huko Cagayan de Oro. Aliuacha mchele kwenye maji, akakaa.

"Mwanangu kajua herufi kwa Bisaya," akasema. "Barua ya babu yake anaisoma mwenyewe. Sasa wanataka aanze upya kwa lugha ya kwenye televisheni."

Mdogo wetu wa Iloilo akadakia, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Sema Kisebuano, Manang. Bisaya ni sisi sote."

"Cebu sijaikanyaga maisha yangu. Babu katoka Bohol, mimi nimezaliwa Mindanao. Hicho Kisebuano nimekitoa wapi?"

Wa Tacloban alikuwa anakata vitunguu, wala hakuinua kichwa. "Kwetu hiyo lugha yenu tunaiita Kana."

Msimamizi wetu wa zamu, mtu wa Manila, huwaita wote watatu "Bisaya" na wote huitika. Sikuwa nimewahi kuwasikia wakiligombea jina lenyewe. Waligombana mpaka kitoweo kikapoa, na kila mmoja nilimwona ana haki.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimelala nikiwaza, nimeamka nikiwaza. Mimi mtoto wa Mombasa nayajua haya. Kwetu Mji wa Kale mtu ni Mkilindini, ni Mjomvu, ni Mchangamwe, na mzee akikuuliza wewe ni nani ndicho anachotaka kusikia. Ukipanda basi la Nairobi, ukishuka tu umekuwa Mswahili, na wakati mwingine neno hilo linatamkwa kwa mdomo uliopinda. Kwa hiyo sitamwambia yeyote kati ya hawa watatu kwamba amekosea jina lake.

Manang kanionyesha kitabu cha shule cha bintiye, picha imetumwa kwa simu. Juu ya jalada wizara imeandika *Sinugbuanong Binisaya*, yaani Kibisaya cha Cebu. Sugbu ni jina la kale la kisiwa hicho. Nadhani mtu aliyetunga jina hilo alijua ugomvi wa jikoni kwetu vizuri sana: kampa Manang Bisaya yake, na kampa wa Iloilo mpaka anaoutaka. Kihiligaynon cha Iloilo na Kiwaray cha Tacloban viliingia shuleni kwa majina yao wenyewe, bila neno Bisaya. Manang anasema neno moja lingetosha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku ya mapumziko nimeitumia kusoma. Aliyezipanga lugha hizi kwa utaratibu ni Mmarekani R. David Zorc, kwa tasnifu aliyoiandika Chuo Kikuu cha Cornell, 1975, ikatoka kitabu 1977. Alikusanya aina 36 za usemi, akalinganisha maneno na vipashio vyake, akazigawa matawi matano: la magharibi, la Banton, la kati, la Cebu na la kusini. Kinaray-a na Kiaklanon cha kisiwa cha Panay ni magharibi. Kihiligaynon, ingawa kinasemwa palepale Panay, ni cha kati pamoja na Kiwaray. Cha Manang kina tawi lake peke yake.

Kwa hiyo mdogo wetu wa Iloilo ni ndugu wa karibu zaidi wa yule wa Tacloban, waliotenganishwa na bahari, kuliko majirani zake wa mlimani, wasemaji wa Kinaray-a, ambao lugha yao imechanganyikana na yake kwa mamia ya miaka. Nilipomwambia alikunja uso. "Nani kasema? Karay-a ni watu wetu."

Wanaisimu hawasemi Bisaya ni lugha. Wanasema ni ukoo wa lugha, na mtu wa Cebu na mtu wa Antique, kisiwani Panay, wakikutana bila Kitagalog wala Kiingereza watahangaika. Lakini wasemaji wa Kisebuano ni wengi kuliko wote, wametapakaa Cebu, Bohol, Negros ya mashariki, Leyte ya magharibi na sehemu kubwa ya Mindanao, na jina la ukoo mzima limewabaki wao mkononi. Mwaka 1930 lilipoanzishwa jarida la hadithi kwa lugha yao liliitwa *Bisaya* tu, basi. Miaka minne baadaye watu wa Iloilo wakapata lao, likaitwa *Hiligaynon*. Ukiyaona majarida hayo mawili mezani utafikiri la pili halihusiki na Ubisaya.

Jumatano, 6 Novemba

Hili la leo naliandika kabla sijavua sare.

Tumepokea baharia mzee, mpishi wa melini, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Kiingereza kimemtoka, Kitagalog kimebaki vipande. Faili limeandikwa lugha: Bisaya. Msimamizi akamwita Manang, na ndivyo ambavyo yeyote angefanya. Mzee alikuwa anaugulia, mkono mmoja umekufa ganzi, wa pili umefungwa ubao wa dripu, hawezi kuonyesha panapouma.

Manang akambonyeza tumboni taratibu. "Sakit diri?" Panauma hapa?

"Diri," mzee akajibu.

Akabonyeza chini kidogo. "Diri?" "Diri, diri." Sauti yake ikawa ya kukata tamaa. Manang tayari kashika kalamu kuandika maumivu ya tumbo, amwite daktari wa upasuaji aje kuangalia, wakati mwenzetu wa Tacloban alipokuwa anapita na toroli la dawa. Akasimama ghafla.

"Manang, huyu anakwambia hapana."

Kwa Manang *diri* ni hapa. Kwa watu wa Samar na Leyte ya mashariki *diri* ni hapana, si hivyo. Mzee ni wa Catbalogan, kisiwa cha Samar. Alikuwa ameulizwa swali, kalielewa kwa mkono uliokuwa tumboni mwake, kajibu vizuri kabisa kwa lugha yake, na kila alivyozidi kukana ndivyo alivyozidi kuonekana anakubali. Yule wa Tacloban akainama karibu na sikio lake, akamwuliza kwa Kiwaray kama *maul-ol*, kama panauma, akipita kiungo kwa kiungo. Bega. Bega la upande uliopooza, ambalo hushuka na kuuma sana kwa wagonjwa wa kiharusi lisipoegemezwa. Tukaliwekea mto, tukampa dawa.

Aliyeandika Bisaya kwenye faili hakuandika uongo. Mzee mwenyewe, alipoulizwa baadaye kwa lugha yake kwamba yeye ni nani, alisema Bisaya. Watu wa Samar wamejiita hivyo tangu zamani. Tatizo ni kwamba neno lile lilisomwa na mtu wa Manila, kwa kipimo cha Manila, likapelekwa kwa mtu wa Mindanao ambaye kwake lina maana ya lugha moja tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Bado nipo na yule mzee kichwani. Nimetafuta kamusi za zamani, na nilichokikuta kimenishangaza jinsi kinavyolingana na mambo ya wodini.

Padri Mateo Sánchez, Mjesuiti, alikusanya msamiati wa "lugha ya Bisaya" kisiwani Leyte mwanzoni mwa karne ya 17. Ukachapwa Manila mwaka 1711. Maneno yake ni ya upande wa Waray, lugha ya mababu wa mzee wetu. Padri Alonso de Méntrida, wa shirika la Mtakatifu Augustino, alitoa kamusi ya Bisaya ya Panay, na yeye angalau alitaja ni Kihiligaynon na Kiharaya, yaani Kinaray-a. Kisha mwaka 1972 John Wolff wa Cornell akachapa kamusi kubwa ya *Cebuano Visayan*. Vitabu vitatu, lugha tatu tofauti, na Bisaya imo katika jalada la kila kimoja. Mhispania wa karne ya 17 akitua Leyte, Panay au Cebu akawauliza watu wanasema nini, kote angejibiwa Binisaya, na kote angejibiwa kweli.

Nimelieleza hili kwa msimamizi. Amekubali kwamba kwenye fomu za wagonjwa wa Kifilipino tuulize na mji wa nyumbani. Amekubali haraka, bila ubishi, na nimemheshimu kwa hilo.

Jumapili, 24 Novemba

Manang huniita *Day*, mkato wa *Inday*. Ni neno la mapenzi huko kwao, la kumwita binti au mdogo wa kike. Hata mwanasiasa mkubwa huitwa hivyo na watu wake bila kumvunjia heshima. Leo mgeni wa kutoka Manila kaja kutembea, kamsikia, kacheka: "Umemfanya yaya?" Manila, Inday ni jina la mtumishi wa ndani katika filamu na vichekesho. Msichana katoka visiwani, anachanganya *e* na *i*, *o* na *u*, watazamaji wanavunjika mbavu.

Sababu ya kuchanganya ni nyepesi kueleza. Kisebuano cha asili kina irabu tatu: *a*, *i*, *u*. Sauti za *e* na *o* zimeingia zaidi na maneno ya Kihispania, na masikio ya wengi hayazitengi sana na *i* na *u*. Si uzembe wa ulimi wala si kukosa shule. Lakini kicheko hicho kimefanya kazi yake kwa miongo mingi, na uamuzi wa serikali wa 1937 wa kuchukua Kitagalog kuwa msingi wa lugha ya taifa ulikiongezea nguvu: lafudhi moja ikawa ya nchi, nyingine zote zikawa za mkoani. Kwa hiyo kwa mtu wa Manila "Bisaya" hubeba maana ya tatu, isiyo ya ukoo wala ya lugha. Ni tabaka. Nimekasirika kwa niaba ya Manang, na nimemwambia mgeni wetu hivyo mezani.

Manang mwenyewe hakukasirika. Akanyanyuka, akafunua sufuria. "*Manok bisaya*," akasema, kuku wa kibisaya. Kuku wa kienyeji. Huko kwao chochote cha asili, kisicho cha kisasa wala cha kuletwa, kinaweza kuitwa bisaya, na kuku huyo bei yake ni kubwa kuliko wa kizungu, kama kwetu. Vijana wa Cebu nao wamejitungia neno *Bisdak*, Bisaya mkubwa, wanaliandika kwenye fulana.

Mgeni alikula, akaongeza.

Ijumaa, 13 Desemba

Limetoka wapi jina lenyewe? Wa Iloilo alifundishwa shuleni kwamba limetoka Sri Vijaya, dola kubwa ya baharini iliyokuwa na kitovu chake Palembang, Sumatra. Hakuna hati wala jiwe linalounganisha majina hayo mawili. Sauti zinafanana, na watu walipenda kuwa wazao wa dola. Alifundishwa pia habari ya machifu kumi waliomkimbia mtawala dhalimu wa Borneo wakanunua nchi tambarare ya Panay kutoka kwa watu weusi wa mlimani, Waati. Habari hiyo inajulikana kwa kitabu *Maragtas* cha Pedro Monteclaro, 1907. Mwanahistoria William Henry Scott aliichambua katika tasnifu yake miaka ya 1960, akaonyesha kuwa haiwezi kuchukuliwa kama hati ya kale. Ni masimulizi ya watu wa Panay, yana thamani hiyo, na thamani hiyo kwangu inatosha. Tamasha la Ati-Atihan la Kalibo hulikumbuka hilo kila Januari kwa masizi usoni.

Borneo kweli kuna watu waitwao Bisaya, kando ya mto Limbang, huko Beaufort na Kuala Penyu, na Brunei, ambako sheria ya uraia ya 1961 inawataja kati ya makabila saba ya wenyeji. Ungetegemea wawe mabinamu. Lugha yao iko upande wa Kidusun, mbali na ya Manang. Jina limekutana, watu hawakutoka nyumba moja, au kama walitoka ni zamani sana hata lugha zimesahau.

Wahispania wa kwanza hawakulitumia jina hilo kwa wote. Watu wa Cebu, Leyte na Samar waliwaita *Pintados*, waliochorwa, kwa sababu ya chale zilizowafunika miili, na Bisaya lilikuwa zaidi la upande wa Panay. Baadaye likasambaa visiwa vyote. Padri Francisco Ignacio Alcina, aliyeishi Samar na Leyte miaka mingi, alipoandika historia yake kubwa mwaka 1668 tayari aliita yote Bisayas.

Alhamisi, 26 Desemba

Zamu ya Krismasi imetuchosha, lakini Manang kanisimulia jambo zito leo alfajiri, nalo lisinipotee.

Kwao ni bonde karibu na milima ya Bukidnon. Majirani zao ni Wahigaonon, waliokuwapo kabla. Wao humwita babu yake, na baba yake, na yeye mwenyewe, *dumagat*, mtu wa baharini, ingawa kutoka mlangoni kwake bahari haionekani. *Dagat* ni bahari. Tangu enzi za Wamarekani, na kwa nguvu zaidi baada ya serikali kuunda mamlaka ya makazi ya ardhi mwaka 1939, familia za visiwani zilihamishiwa Mindanao kwa maelfu. Waliofika walitoka Bohol, Cebu, Leyte, Panay, na lugha iliyowaunganisha ikawa ile yenye watu wengi. Ndipo Bisaya ilipopata maana ambayo Cebu haina: mlowezi. Asiye Muislamu wa kule, asiye mwenyeji wa milima.

Na wenyeji nao, walipokutana Cotabato mwezi Juni 1986, makundi kumi na tano, wakitafuta jina moja la kujiita mbele ya serikali, walichagua *Lumad*. Maana yake ni mzawa wa mahali. Neno hilo ni la Kisebuano. Lugha zao ni nyingi na hazisikilizani. Lugha waliyoweza kuongea wote siku hiyo ilikuwa ya watu waliochukua ardhi. Mwaka 1989 jina likaingia katika sheria. Manang alinyamaza kidogo baada ya kusimulia, akasema babu yake alikuwa mtu mwema, lakini shamba lilikuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoielewa sensa yao ya 2020. Watu waliulizwa kabila lao, na asilimia 14.3 wakasema Bisaya au Binisaya, asilimia 8.0 wakasema Cebuano, Wailonggo 7.9, Waray 3.8. Mtu wa takwimu ataona ni fujo, kundi moja limehesabiwa mara mbili. Mimi namwona Manang. Anazungumza Kisebuano, hana Cebu. Bila kisanduku kile angelazimika kujiandika mtoto wa kisiwa asichokijua.

Jumapili, 19 Januari 2025

Sinulog. Simu ya Manang inalia ngoma tangu asubuhi, "Pit Señor!" kwa mtoto Yesu wa Cebu. Wa Iloilo kakataa kutazama: Dinagyang yao ni Jumapili ijayo, na anasema ndiyo nzuri.

Ijumaa, 24 Januari

Kiyoyozi cha sebuleni kilikufa, kampuni ikamleta fundi, kijana wa Jolo, Sulu. Alikuwa juu ya ngazi akihesabu skrubu anazozitoa: *isa, duwa, tu, upat*. Manang akatoka jikoni mbio. Kwake ni *usa, duha, tulo, upat*.

"Wewe ni Bisaya!"

Kijana akashuka ngazi. Alijibu kwa upole, maana Manang ni mkubwa wake kwa umri. "Hapana, dada. Mimi Tausug. Bisaya ni Wakristo."

Zorc amekiweka Kitausug katika tawi la kusini la lugha za Kibisaya, pamoja na Kisurigaonon na Kibutuanon. Kemp Pallesen aliandika mwaka 1985 kwamba ndugu yake wa karibu ni Kibutuanon, lugha inayokufa kaskazini-mashariki ya Mindanao. Wasemaji wa Kitausug walihama kwenda Sulu karne nyingi zilizopita na huko wakawa Waislamu na wenye dola. Karne za 18 na 19 majahazi yaliyotoka Sulu yaliteka watu wa visiwa vya kati na kuwauza utumwani. Kanisa la Miagao, Iloilo, lililomalizwa 1797, lina kuta nene hivyo kwa sababu lilikuwa ngome pia. Huko Jolo neno Bisaya lilibeba Mkristo, na kwa muda mrefu lilibeba mateka. Nani atamwambia kijana huyu ajiite hivyo kwa sababu ya mti wa lugha uliochorwa Cornell?

Sikumwambia habari ya mti. Lakini Manang hakuachia. Alimkalisha, akampa chai, wakaanza kulinganisha: mkono, jicho, maji, mvua. Mengine yalifanana, mengine yalimpita kabisa, na kila lililofanana kijana alicheka kwa mshangao. Alipoulizwa *hapana* kwao ni nini, akasema *di'*, kwa koo lililokatika. Manang akasema *dili*. Wa Iloilo akapaza sauti kutoka chumbani: *indi!* Wa Tacloban alikuwa zamu, ningemjibia mimi.

Atarudi wiki ijayo na kompresa. Manang ameshabadilishana zamu na mtu ili awepo. Ana maneno mengine anataka kumuuliza.